Kunde za Kwale

Nilikaa Kindu kwa sababu reli iliishia pale. Nilikuwa nimetoka kusini juu ya behewa la mizigo, nikishusha magunia kila kituo, na siku tulipofika mtoni msimamizi akaniambia kwamba mbele hakuna chuma tena, ni maji tu, na kazi yangu imekwisha. Ningeweza kutafuta meli na kushuka nayo kaskazini nikikata kuni, kama nilivyokwisha kufanya mara mbili. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, nilikuwa na homa, na sikumfahamu mtu upande wowote wa mto. Kubaki kulikuwa rahisi kuliko kuondoka.

Zama zile za Wabelgiji mtu mweusi hakukaa mjini hivi hivi. Alitembea na kitabu, na ndani ya kitabu palitakiwa muhuri wa mwajiri. Asipokuwa nao, polisi walimrudisha kijijini kwao. Kijijini kwetu baba alikuwa amekufa, na mimi nilikuwa nimeondoka zamani, baada ya kuacha shule ya mapadri katika darasa la tatu. Sikufukuzwa. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na majibu yake. Tangu hapo nilikuwa nimepita kazi nyingi: kuosha mchanga wa bati Kalima, kupaka chokaa nyumba za wazungu, kubeba mizigo ya wapimaji wa barabara. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe jinsi kazi inavyokwenda. Nikishaelewa, miguu ilianza kuniwasha.

Muhuri niliupata kwenye bustani ya majaribio, ukingoni mwa mtaa wa Mikelenge, pale nyumba zilipokoma na mashamba ya akina mama yakaanza. Ilikuwa na uzio wa mianzi, kibanda cha majembe, na mistari ya mimea yenye vibao vya namba. Mkubwa wake alikuwa agronomu, mtaalamu wa mimea ya shambani, Mbelgiji kijana mwenye masikio mekundu, aliyeishi peke yake katika nyumba ya matofali upande wa wazungu. Kiswahili chake kilikuwa cha maagizo: leta, chimba, acha, kesho. Nilimwambia najua kumwagilia. Hakuniuliza lolote zaidi, akapiga muhuri.

Wakubwa wake walimtaka ashughulike na pamba na mpunga. Kunde alipewa kwa sababu ndizo zilizolisha watu wa reli na wa machimbo, na kwa misimu kadhaa zilikuwa zinakufa. Ugonjwa wenyewe sisi tuliuita kutu. Ulianza kwa madoa madogo upande wa chini wa jani, kisha madoa yakapasuka na kutoa vumbi la rangi ya reli iliyokaa mvuani. Ukilishika jani, vidole vilibaki vyekundu. Baada ya wiki mbili au tatu majani yalinyauka yote, na maganda yakabaki bapa, hayana kitu ndani.

Siku moja agronomu aliniona nimechuchumaa, nimelikunja jani lenye kutu na kulisogeza karibu na jicho. Nilidhani atanikemea. Badala yake akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akanionyesha jinsi ya kukishika. Niliona vikombe, vikombe vingi sana, vimejaa unga, kama vile mtu amevipanga kwa mkono. Nikamwuliza ni wadudu gani hao.

"Si mdudu," alisema. "Ni uyoga."

Nilicheka. Uyoga nilioujua ni ule tuliokula. Hakucheka. Alieleza kwa maneno yake machache, akisaidiwa na mikono, kwamba uyoga una ndugu wengi, wengine wadogo kiasi cha kutoonekana, na kwamba unga ule ndio mbegu zao, hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba. Jioni hiyo nilikwenda nyumbani nikiwatazama watu wanavyopangusa mikono kwenye nguo zao baada ya kuchuma majani, na nikaona vumbi jekundu kila mahali. Tangu hapo, kila alasiri kazi ilipokwisha, alinipa kile kioo kwa muda wa kuvuta sigara moja. Sikuwa na rafiki Kindu, naye nadhani hakuwa naye. Tulikaa juu ya debe, kila mtu na lake, tukiangalia majani.

Nyumbani kwangu kulikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba aliyopanga mama mmoja mjane. Alikuwa Mwislamu, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, aliyejifunga kilemba hata akiwa jikoni. Riziki yake ilikuwa kunde: majani mabichi aliyauza asubuhi sokoni, kavu aliziuza baada ya mavuno. Binti yake pekee alikuwa ameolewa Kibombo. Chumba alinipa kwa masharti ya kuchota maji na kupasua kuni, basi. Jioni alinipakulia chakula kwenye sahani ya bati na kuniuliza nimeona nini leo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nilipoondoka kwetu.

Kunde zake zilikuwa zimekufa misimu miwili mfululizo. Binti alituma ujumbe kwa mtu wa treni kwamba mama aende akakae naye. Mama hakutaka. Alisema kwa mkwe mtu huwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Lakini jioni moja, akikuna sufuria, akaniambia waziwazi:

"Nitapumzisha shamba, kisha nitapanda mara moja tena, mvua za mwisho za mwakani. Zikikufa hizo, naenda Kibombo. Siwezi kuuza vumbi."

Nilikwenda chumbani kwangu, nikalala nikiisikiliza mvua juu ya majani ya paa. Nilikuwa nimeondoka mahali pengi, lakini sikuwa nimewahi kuwa yule anayebaki.

Kesho yake nilimwambia agronomu kuhusu yule mama. Alisikiliza, kisha akanieleza jambo alilokuwa akilifikiria. Kunde za shambani, alisema, zina ndugu zake porini. Ndugu hao hawapandwi na mtu, hawapaliliwi, hawamwagiliwi, na uyoga ule ule unawapulizia kila mwaka, na bado wapo. Lazima baadhi yao wana kitu mwilini. Kitu hicho kikiingizwa katika kunde za watu, basi, kutu imeshindwa. Akachora kwenye karatasi mmea unaotambaa, wenye majani membamba na ua la zambarau, akaniuliza kama nimewahi kuuona.

Nilikuwa nimeuona. Nilipoosha mchanga kule Kalima, kulikuwa na mashimo ya zamani yaliyoachwa, upande wa njia ya Pangi, na juu ya vifusi vyake kulitambaa kitu kama hicho. Nilikikumbuka kwa sababu nilikuwa nimewauliza wanawake wa pale, wakaniambia ni kunde za kwale, mtu hazili.

Alinipa barua ya ruhusa, mkate, na vipande vya chandarua kikuukuu. Nilivuka mto kwa kivuko, nikapata lori mpaka njia panda, kisha nikatembea siku moja na nusu. Mashimo nilikuta yamejaa maji ya kijani. Kunde za kwale zilikuwepo, zimefunika kifusi chote upande unaoelekea jua, na majani yake nilipoyageuza yalikuwa safi. Chini kidogo, kando ya njia, mtu alikuwa amepanda kunde za kawaida, na hizo zilikuwa nyekundu kwa kutu kiasi kwamba suruali yangu ilipakaa nilipopita. Umbali kati yao haukufika hatua ishirini. Nilisimama katikati nikitazama huku na huku, nikitamani mtu wa kumwonyesha.

Maganda yalikuwa bado mabichi, ikabidi ningoje. Ndipo nilipojifunza tabia ya mmea ule. Kunde za watu, zikikauka, hukaa ndani ya ganda lake mpaka uje uzichume. Hizi za kwale, ganda likipata jua la saa tano, hupasuka na kujisokota ghafla, likarusha mbegu mbali. Siku ya kwanza nilipoteza karibu zote zilizokomaa. Nilizisikia tu, tak, tak, kwenye majani makavu. Siku ya pili nikafunga kila ganda kwa kipande cha chandarua, na vipande vilipokwisha nikachana mkono wa shati. Nililala kwenye kibanda kilichoachwa cha walinzi. Kwa siku sita sikusema na mtu isipokuwa mwanamke mmoja aliyepita na kikapu mgongoni, akaona kifusi kizima kimefungwa vitambaa, akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nilipomwambia nafanya kazi ya kunde, alisema basi mgonjwa ni mimi, akaendelea na njia yake.

Nilirudi na mbegu zinazojaza kiganja kimoja. Zilikuwa ndogo, nyeusi, zimetiwa madoa, kama chawa wa kuku. Kabla ya kuzipeleka bustanini nilimwonyesha mama, nikamwachia ungo nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa ameshapepeta. Kwao mbegu haikai ndani ya nyumba bila kuchaguliwa: kubwa huwekwa, ndogo na zilizokunjamana hutupwa, na mkono hufanya hivyo wenyewe wakati mdomo unazungumza mengine. Nusu ya kiganja changu ilikuwa imekwenda jaani, kwenye majivu, pamoja na makapi.

"Hizo zilikuwa mbovu," alisema.

Nilichakura majivu mpaka giza likaingia, nikapata tatu. Alinitazama akiwa ameshika kiuno. Alisema kama nilitaka kuotesha chawa ningemwambia mapema.

Zilizobaki agronomu alizipanda kwenye vikopo. Wiki ikapita, ya pili ikapita, hakuna kilichochipua. Aliandika kitu katika daftari lake na kulifunga kwa nguvu. Nilipomsimulia mama, aliniomba nimletee moja. Akaibana kwa meno, akaitema mkononi.

"Haijakufa. Imelala," alisema. "Mbegu ya porini inaogopa mvua ya uongo. Isugue ubavu mmoja kwenye jiwe, usiguse jicho, upande jicho la mbegu iko. Maji yaingie."

Tulizifukua, nikazisugua moja moja kwenye jiwe la kunolea visu. Siku ya nne zilichipua kumi na moja. Agronomu aliniuliza nani amenifundisha. Nilipomwambia, alisema kwamba tukipata mmea mzuri, yule mama atapewa mbegu kumi za kwanza, za kuanzia shamba, kabla ya ofisi yoyote. Nilimpelekea mama ahadi hiyo, naye akaipokea kama mtu anayepokea chumvi, akaendelea na kazi yake, lakini jioni ile alinipakulia mara mbili.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya vidole. Ua la kunde hujioa lenyewe kabla halijafunguka. Ukitaka liolewe na jingine, lazima ulifungue jioni, likiwa bado changa, utoe vishikio vyake vya unga kwa kibano bila kuumiza kile kilicho katikati, ulifunike, na asubuhi na mapema upake unga wa ua la kwale. Agronomu alikuwa na mikono mikubwa, akaharibu maua mengi. Mimi niliwahi kusaidia fundi saa kwa miezi miwili. Maua niliyogusa mimi yalishika. Watoto wa ndoa ile walitoka safi wote, lakini wenye maganda ya kurusha kama baba yao. Agronomu alisema tusifurahi bado. Wajukuu ndio watakaosema. Katika wajukuu, kila mmoja atachagua lake: huyu ganda la bibi na ugonjwa wa bibi, yule ganda la babu na afya ya babu, na labda wachache sana, afya ya babu na ganda la bibi. Hao ndio tunaowataka.

Wajukuu tuliwapanda mvua zilizofuata, mistari minne mirefu. Na kati ya mistari yao agronomu alipanda miwili ya kunde za Mikelenge, zile dhaifu kuliko zote, akazipulizia vumbi jekundu kwa mkono wake. Nilimwuliza kwa nini anakaribisha ugonjwa nyumbani. Akasema mmea ambao haujapigwa hujui kama una nguvu. Ile miwili ilikuwa ya kuugua, ili iwapulizie wengine. Bila hiyo, mimea yote ingeonekana safi, na tusingejua lolote.

Kisha aliitwa kwenda kukagua pamba, safari ya wiki tatu. Aliniachia bustani na ufunguo wa kibanda. Wiki ya kwanza sikukosa siku. Ya pili homa ilinipata, ile ya baridi ya kutetemesha kitanda, na kwa siku nne sikujua asubuhi wala jioni. Nakumbuka tu mama akiniinua kichwa ninywe uji, na akisema nisihangaike, kazi anaiangalia.

Siku ya tano niliweza kukaa. Aliniambia kwa fahari ya kujizuia kwamba bustani ilikuwa salama. Alikwenda kila asubuhi kwa niaba yangu, ili mzungu asije akakuta majani makavu na kunifukuza. Alikuwa amemwagilia na kupalilia. "Na wagonjwa wako," alisema, "nimewatoa wote. Mistari miwili mizima ilikuwa imeoza kwa kutu, na wewe unaiacha karibu na wazima. Nimeng'oa, nimechoma kule njiani, mbali. Kwetu mmea mugonjwa haulale na wazima hata siku moja."

Nilimshukuru. Nilikwenda bustanini nikijishikilia kwenye uzio, nikaikuta ilivyo: mistari minne ya kijani, safi, inapendeza, na kati yake mitaro miwili mitupu iliyosawazishwa kwa jembe. Hakuwa ameacha hata mzizi. Alifanya kazi nzuri kuliko yangu.

Nilikaa juu ya debe nikafikiri. Mimea yote ilikuwa safi. Nikinyamaza, agronomu atarudi, ataona usafi, atachuma mbegu na kumpa mama kumi zake kwa wakati. Mama atapanda mvua za mwisho. Na kutu itakuja kutoka kwa jirani, kama inavyokuja kila mara, na atapoteza shamba mara ya tatu kwa mbegu iliyotoka mkononi mwangu. Nikimwambia yeye alichofanya, nitakuwa nimemlipa siku nne za uji kwa aibu. Hiyo pia sikuiweza.

Basi nilichukua gunia, nikapita Mikelenge yote, nyumba kwa nyumba, nikiomba majani ya kunde yenye kutu. Wanawake walitoka milangoni kunitazama. Mmoja aliita wenzake waje waone muntu anayeomba ugonjwa, akaniuliza kama nyumbani kwake nachukua pia kikohozi, kwa sababu mume wake anacho kingi. Walinipa. Walinijazia gunia wakicheka, na kwa siku tatu alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, nilikung'uta vumbi lile juu ya mistari minne mpaka nywele zangu zikawa nyekundu. Mama nilimwambia naosha bustani.

Agronomu alirudi kabla madoa hayajatokea. Aliona mitaro mitupu kwanza kabisa, kabla ya kunisalimu.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, Bwana. Nilidhani ni vizuri kutoa wagonjwa."

Nilimweleza juu ya gunia na vumbi, akaitikia kwa kichwa, akasema inafaa, itachelewa mwezi. Nikamwuliza juu ya mbegu kumi. Akasema mmea ambao haujapigwa hautoi mbegu kwa mtu. Hakupaza sauti. Lakini alasiri ile alikagua majani mwenyewe, na sigara yake akaivutia kwenye baraza ya ofisi yake. Kioo kilibaki mfukoni mwake. Nilingoja siku ya pili na ya tatu, kisha nikaacha kungoja. Kwake nilikuwa nimegeuka mtu ambaye, baada ya alasiri zote zile, alikuwa hajaelewa kitu. Jambo hilo liliniuma kuliko kama angenifukuza.

Mama aliuliza mara moja tu juu ya mbegu. Nilisema mzungu amechelewesha. Mvua za mwisho zilianza, majirani wakapanda walichonacho. Yeye alilima shamba lake, akalisafisha, akaliacha hivyo, udongo mtupu, kwa wiki nzima. Nililiona kila asubuhi nikipita. Kisha akaanza kufunga vyombo. Alimpa jirani kinu, mimi akaniachia sahani ya bati na funguo za kumrudishia mwenye nyumba. Kwenye stesheni aliniambia niangalie homa. Nilimwinulia mzigo wake dirishani, naye akaukalisha mapajani na kutazama mbele, upande treni inakokwenda.

Kutu ilikuwa tayari imefanya kazi yake. Kati ya mistari minne, ilibaki mimea saba safi. Sita ilikuwa na maganda ya kurusha. Mmoja, karibu na uzio, ulikuwa safi mpaka chini, na maganda yake yalikauka na kutulia. Agronomu aliuchuma mwenyewe. Alihesabu mbegu kumi, akazitia katika bahasha, akaniwekea juu ya debe. Ahadi yake aliitimiza. Mama alikuwa ameondoka wiki tano kabla ya hapo.

Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda treni kwenda Kibombo. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba ya mkwe wake, anapepeta mchele. Alifurahi kuniona, akaniambia nimekonda, akaagiza wajukuu waniletee maji. Kilemba chake kilikuwa kile kile, lakini alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye nyumba ya wengine. Nilimpa bahasha. Alizimimina kiganjani, akazigeuza kwa kidole.

"Sasa ni nzuri," alisema. "Kwa nini zilichelewa?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema tena kuhusu mzungu. Ila alikuwa ameinua uso, anangoja jibu, kama alivyokuwa akingoja jioni zile alipoulizia niliyoyaona.

"Ile mistari miwili yenye kutu, mama. Ilipandwa ili iugue. Ilikuwa ya kuwapima wengine."

Aliacha kupepeta.

"Mimi njo niliyeng'oa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua tangu siku ile."

"Nilijua."

Alifunga mbegu kwenye pindo la kanga yake, taratibu, mafundo mawili.

"Ungeniambia, ningengoja," alisema. "Mwezi moja, si kitu. Ningekula mihogo. Nilidhani umechoka na mimi, unaona haya kusema." Akachukua ungo wake. "Muntu wa kuuliza maswali yote yale, baba. Hata nzi ulimuuliza anakwenda wapi. Mimi hukuniuliza kama nitakasirika."

Mkwe alikuja, tukala, tukazungumza mambo ya treni. Asubuhi alinisindikiza mpaka kona. Alisema atazipanda pembeni, karibu na jiko, watoto wasizikanyage, na nikipita tena nitaziona.

Kindu nilirudi kwenye ua mtupu. Mwenye nyumba alikuwa hajapata mpangaji. Mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha bado, nami nilikwenda nyuma kumwaga maji ya kunawa. Juu ya jaa, katika majivu ya moto wake wa zamani, kulikuwa kumetambaa mmea wenye majani membamba, umeshafika kwenye mawe ya mafiga. Zilikuwa zile alizotupa. Zilikuwa zimelala misimu miwili mizima na zaidi mpaka ziamini mvua. Kunde za jirani, nyuma ya ua, zilikuwa nyekundu tupu. Niligeuza majani ya hizi moja moja, nikapitisha kidole upande wa chini, nikakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa safi.

Nilichuma mkono mmoja wa majani, nikawasha moto kati ya mafiga yake, nikayapika na chumvi. Yalikuwa na uchungu kidogo. Nilikula yote kwenye sahani ya bati, nimeketi mahali alipokuwa akikaa.